Tupeane uzoefu: Uliwahi kushinda Kilwa Kisiwani, au mji mkongwe wowote wa Kusini, na mwenza wako?

Mleta mada

Habari za saa hizi ndugu zangu wa Kusini. Sisi wa Lindi na Mtwara tukitaka kutoka na wenza wetu, akili inakimbilia Zanzibar. Na kila safari ya Dar tunapita Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, hatugeuzi hata shingo upande wa Kilwa Masoko. Linaniuma hili. Naomba aliyewahi kwenda asimulie, mimi naanza.

Tulilala Kilwa Masoko, asubuhi tukakata kibali, tukapewa mwongozaji, tukavuka kwa mashua. Cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyokaa ufukweni kabisa. Wareno waliiteka Kilwa 1505 wakajenga ngome yao. Hii inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. Hapo hatukukaa sana.

Msikiti Mkuu ndio uliotushika. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, na ule ukumbi mkubwa wenye makuba uliongezwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Ndiye sultani ambaye Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Mama watoto alivua viatu bila kuambiwa na mtu, akaingia taratibu mpaka kibla. Nikasikia ananiita: "Baba, hebu njoo uone hili jiwe." Pale chokaa ilipobanduka, vishimo vya matumbawe vimejipanga kama sega la nyuki. Jiwe limetoka baharini, na chokaa iliyolishika nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Kuanzia hapo kila ukuta tukawa tunausogelea na kuupapasa. Mwongozaji wetu, kijana wa pale pale kisiwani, akafurahi, akaacha haraka zote.

Halafu Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani. Wengi huishia msikitini wakarudi, na kwa kweli wanajinyima. Ni kutembea kidogo, mibuyu njiani, jua la kutosha, lakini ukifika unasimama juu ya genge na bahari iko chini yako. Jumba lina vyumba zaidi ya 100, na katikati bwawa la pembe nane. Tulikaa kivulini tukaanza kugawana vyumba: huku wageni, huku watoto, huku mama yangu akija. Mke wangu akauliza, maji ya kujaza bwawa lote hili waliyapandishaje huku juu? Tulibishana mpaka mwongozaji akatukumbusha kuwa maji yanaanza kupwa.

Ushauri wangu: tengeni siku nzima, na chakula agizeni kijijini mapema. Akina mama wa kule wanapika wali wa nazi na samaki vizuri sana, na hela inabaki kisiwani.

Mchangiaji wa 2

Asante kaka kwa mada. Mimi naongelea Mikindani, maana sisi wa Mtwara mjini tunapanda daladala tu tunashuka. Mume wangu ni mtu wa bara, alikuwa anasema Mtwara ni gesi na korosho. Jumapili moja nikampitisha kwa miguu. Tulianza Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, lile jeupe lililo juu ya mji, ukisimama pale unaiona ghuba yote. Tukashuka kwenye vichochoro vya nyumba za mawe, nyingine paa limeshaanguka na mti umeota sebuleni, ila mlango wa nakshi bado umesimama. Nikamwonyesha na nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Soko la watumwa tulilitazama kimya. Bibi yangu alikuwa akinisimulia habari zile nikiwa mdogo, na siku ile nami nilimsimulia mume wangu.

Tulimalizia na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, chumvi na pilipili. Alikuwa hajawahi kuila. Sasa ndiye anayeniuliza twende lini tena.

Mchangiaji wa 3

Mkitoka Kisiwani msiishie hapo, vukeni na Songo Mnara, kisiwa cha jirani. Viko pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Maji yakiwa yamekupwa mtatembea kwenye tope la mikoko, kwa hiyo viatu mkononi na shemeji mshike mkono. Kule majumba ya kuishi yanaonekana vizuri, unaingia mlango huu unatokea ule, na watu ni wachache mno. Mimi na mchumba wangu tulipanga tarehe ya posa tukiwa kule.

Mchangiaji wa 4

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote, nataka kumpeleka mke wangu Kisiwani. Ni mjamzito, miezi mitano. Atamudu?

Mleta mada

Marahaba, hongereni. Kwanza mwulizeni mkunga wa kliniki yake. Akiruhusu, usipange siku ya bamvua, maana maji yakipwa sana kushuka kwenye mashua kunakuwa na kazi, na miezi ya kusi bahari huchafuka. Vukeni alfajiri, maji ya kunywa mengi, mtandio na kofia. Gereza na Msikiti Mkuu viko karibu, atamudu. Husuni Kubwa iacheni kwanza, mtakwenda watatu. Na wengine je? Wa Lindi mjini mbona kimya?