Mtu anazimaje maonyo ya kompaila kwa -Wno-format halafu anatangaza "nimerekebisha"?!

Wakuu, mnamjua huyu, kila timu anaye. Kompaila, ile inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, imempa faili, mstari, mpaka ikamchorea kialama kwenye `printf`, kazi ya kuchapisha: `%d` inataka int (namba kamili ya kawaida), umeipa size_t (aina ya namba ya ukubwa). Dawa ni `%zu`. Mtoto wa chekechea angeiona! Yeye kafungua Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu, kaandika `-Wno-format`, yaani usikague fomati.

-Wno-format, jamani!! Ukiizima hiyo, hata -Wformat-security, onyo la fomati zenye hatari ya kiusalama, inakufa. Sasa `printf(ujumbe)` inapita kimya, mtumiaji anaingiza `%n` na kuandika kwenye kumbukumbu. Ilitakiwa `printf("%s", ujumbe)`, au `fputs(ujumbe, stdout)`.

Alipobanwa akabandika `(int)` kila mahali, kulazimisha thamani ziwe int. Faili la GB 3 likaonyesha ukubwa hasi! Kwa int64_t, namba ya biti 64, unaleta `<inttypes.h>`, unaandika `"%" PRId64`. Usikimbilie `%ld`: Linux ya biti 64 inaikubali, Windows inagoma kwa sababu long ya kule ni biti 32.

Na bado anasema: "onyo si kosa". Kwenye x86 ya biti 32, `printf("%d %s", id, jina)` yenye id ya int64_t, `%d` inakula baiti 4, `%s` inageuza 4 zilizobaki kuwa anwani. Programu inaweza kwenda chali. -Wno-format!!!

Nukta_Mkato: Mkuu, kelele za nini? Weka `-Wall -Werror=format-security` kwenye seva ya kujengea, onyo hilo liwe kosa, futa mstari wake, kalale.

bibi_wa_gcc: Heri huyo. Wangu ana `andika_logi(ngazi, fmt, ...)` bila `__attribute__((format(printf, 2, 3)))`, alama ya kuiambia kompaila ikague kama printf: fomati ni hoja ya 2, data zinaanzia ya 3. Hapo hata -Wformat=2, ukaguzi mkali zaidi, haikagui anachopitisha. Kwa kazi zinazopokea va_list (hoja zilizokwisha fungwa pamoja), hiyo 3 iwe 0.

Stringi Tupu: printf mnailia bure, scanf, ile ya kusoma maingizo, ndiyo muuaji. `%f` kwa double: printf inakubali maana float hupandishwa kuwa double, scanf inaandika baiti 4 kati ya 8. Ni `%lf`!

Nukta_Mkato: Na `%s` isiyo na upana je? `char jina[32]` ni `%31s`, ile moja ya sifuri ya mwisho.

mzee_wa_tabo: Mmetaja Makefile. Nani anaweka nafasi 8 badala ya tabo mbele ya amri? "missing separator" kila asubuhi! Ajitokeze.

bibi_wa_gcc: Ni kihariri chake kinageuza tabo. Makefile yangu iligoma jana kwa hilo hilo.