Nimepata Bedford ya jeshi Nanyuki, nije nayo Utawala ikijiendesha ama niipandishe lobedi?

Kijana_wa_Utawala

Habari za jioni wakuu. Nimetafuta lori la jeshi lililostaafu tangu niko chuo na sasa Mungu amejalia, nimepata Bedford MK 4x4, steringi iko kulia, iko kwa boma ya mzee fulani nje kidogo ya Nanyuki. Jeshi waliiuza kwa mnada zamani, mwenye alinunua akaisajili kiraia, kwa hivyo ina namba za kawaida za KAP na logibuku iko, nimeishika na mikono yangu. Imesimama chini ya mti miaka kadhaa lakini mzee anasema injini alikuwa anaiwasha kila mara mpaka betri zikafa. Bodi haijaoza, chesisi nimepitia na nyundo ndogo ni nzito bado, na kuna turubai yake ya zamani.

Kazi yake ni maji. Wazazi wako upande wa Isinya na mvua ikinyesha ile udongo nyeusi inameza kila lori inayoleta maji, tunakaa wiki nzima bila. Nataka kuweka tangi ya lita 5,000 nyuma niwe napelekea wazee na majirani.

Swali langu ni hili. Kutoka huko hadi Utawala ni kama kilomita 200. Natamani sana kuiendesha mwenyewe mpaka nyumbani, niwaambie ukweli hiyo safari nimeiota. Leseni yangu ni BCE. Je, nitie betri mpya na dizeli nitoke nayo ama nitafute lobedi, ile trela ya chini ya kubebea magari? Na kama ni kuendesha, nianzie wapi? Naomba mnipe yote mnayojua.

FundiKariobangi

Hongera sana kijana. Hiyo gari ni ya kazi kabisa, injini yake ya lita 5.4 silinda sita haina kompyuta hata moja, ikiharibika porini unaifungua na spana.

Sasa usitie betri kwanza. Wacha betri. Anza na breki, kwa sababu injini ikikataa utabaki Nanyuki tu lakini breki ikikataa pale kuteremka Sagana hakuna mtu atakusaidia. Hizo lori zina upepo unaosaidia kusukuma mafuta ya breki, si upepo mtupu kama trela. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, gari ikisimama miaka yale maji yanakula silinda ndogo za kwa magurudumu, pistoni zinashika kutu, unakanyaga pedali unahisi iko sawa kumbe gurudumu moja ndilo linafunga na matatu yamelala ama mbaya zaidi moja limefunga na haliachilii, linachemka mpaka grisi ya habu (pale katikati ya gurudumu) inawaka moto. Kwa hivyo toa magurudumu yote manne, fungua drami, kila silinda ifunguliwe, raba mpya, mafuta ya zamani yamwagwe yote mpaka yatoke mapya masafi. Na hosi za raba zile fupi badilisha hata kama kwa macho ziko sawa, zinavimba ndani. Tangi za upepo chini zina koki, fungua maji yatoke.

Ukimaliza hapo ndio uje kwa injini. Chomoa dipstiki, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa basi maji yameingia, simama hapo. Ikiwa safi, zungusha injini na mkono kwa boliti ya puli kabla ya stata, mizunguko miwili mitatu, usikie kama kuna kitu kimeshika. Usitumie dizeli ya kwa tangi. Weka mtungi safi wa lita 20 na paipu yake na filta mpya, toa hewa kwa pampu, halafu ndio uwashe. Mtu asimame karibu na mdomo wa kuvutia hewa akiwa na kipande cha ubao bapa. Pampu ya dizeli iliyolala sana inaweza kushika ikiwa wazi, injini ikiwaka inapanda rivu yenyewe na ile kamba ya kuzima haifanyi kitu, dawa yake ni kuiziba pumzi haraka. Ubao, si mkono wala kitambaa.

Na ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa moja baada ya nyingine. Mtu asikuletee Probox ya kuchajia, hiyo ni volti 12.

Mama_Malori

Mwanangu mimi nina malori Embakasi na nakuambia kama mama, lobedi. Hiyo ndoto ya kuendesha utaitimiza ukiwa na gari iliyokaguliwa, hakuna mtu ataichukua.

Nikueleze venye trafiki atakuona. Lori ya kijani ya jeshi, kijana ndani, ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani) umekwisha muda, hakuna spidi gavana ya kuzuia kasi na sheria inataka gavana ya kilomita 80 kwa saa kwa gari ya biashara inayozidi kilo 3,048 ikiwa tupu, na hiyo yako tupu inazidi hapo mbali sana. Hapo hata ukiwa na logibuku utalala Karatina. Bima nayo lazima iwe yako kabla tairi iguse lami, hiyo ya mzee haikulindi, na ukigonga mtu ni wewe na familia yake.

Lakini kabla ya hayo yote maliza karatasi. Logibuku ukiishika kwa mkono haitoshi. Tafuta ile namba ya gari kwa eCitizen uone jina la mwenye ni nani hasa, ni mzee ama ni yule aliyemuuzia na hawakubadilisha. Nimeona watu wamelipa wakabaki wanatafuta mtu aliyeenda zamani. Mwenye jina ndiye anaanzisha uhamisho kwa akaunti yake, wewe unakubali kwa yako. Kama alishafariki basi kuna mambo ya mirathi kortini, usilipe hata shilingi mpaka ijulikane. Halafu chukua brashi ya waya usugue chesisi mpaka namba ionekane, ilingane na logibuku herufi kwa herufi. Na uangalie rangi iliyoandikwa. Mimi ningeipaka rangi nyingine mara moja, bluu ama maziwa, na niende nibadilishe rangi kwa logibuku pia. Raia hana haja ya kutembea barabarani akifanana na jeshi siku hizi.

Wengine mnaosoma hapa, hii ya kijana ina bahati ilishasajiliwa. Ile inayotoka kambini moja kwa moja ilikuwa na namba za KA za jeshi, hizo haziko NTSA kabisa, unaanza usajili kutoka sufuri na barua za mnada. Ukikosa barua moja unabaki na vyuma chakavu.

Dereva_Mstaafu

Salamu kwenu. Nimeendesha hizi miaka mingi. Naunga mkono mama kwa karatasi na ukaguzi, sikubaliani naye kwa lobedi. Gari ikishatengenezwa breki vile fundi amesema na karatasi zikiwa sawa, itembee. Kuna vitu havijulikani mpaka gari itembee kilomita mia, ni heri ujue ukiwa peke yako bila mzigo kuliko ukiwa Isinya na mzigo wa maji mgongoni.

Kijana sikiliza. Ukiwasha, usiondoke mpaka geji ya upepo ipande mahali pake, hata kama watu wanakupigia honi. Ina gia nne na mkono mwingine mdogo wa gia wa kuchagua magurudumu ya mbele na nguvu. Kwa lami weka magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiacha ya mbele yameshika kwa lami kavu, kwa kona magurudumu hayatembei sawa, propela zinajikaza, utasikia steringi nzito na mwisho unavunja kitu cha bei. Hiyo ya mbele ni ya matope.

Usiku ukiona taa za mbele zimekataa usikimbilie kubadilisha balbu. Swichi ya taa ya jeshi inazunguka na ina mahali kadhaa, kuna mahali inawasha kitaa kimoja kidogo tu chini nyuma kinachomulika difu (bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma) iliyopakwa rangi nyeupe, hiyo ni ya msafara, lori la nyuma linafuata lile doa jeupe gizani bila adui kuona taa. Raia wengi huacha swichi hapo wakidhani waya zimeungua. Lakini wewe tembea mchana.

Toka Jumapili, alfajiri ikishapambazuka vizuri. Mteremko wa Karatina kuja Sagana ingia na gia ndogo kutoka juu, usingoje gari ishike kasi ndio utafute gia, hutaipata. Haitazidi 75 hivi, usiilazimishe, kaa kushoto waachie matatu zipite. Baada ya mwendo wa nusu saa simama, pita na nyuma ya mkono karibu na kila habu. Moja ikiwa moto kuliko zingine hiyo breki imeshika ama beringi inakufa. Ukifika Ruiru shika Eastern Bypass pale Kamakis uje moja kwa moja Utawala, usiingie mjini.

Nati za magurudumu kwa Bedford, upande wa kushoto hufunguka kinyume. Vijana wa panchari wamekata stadi nyingi kwa kutojua hilo.

Otis_Umoja

Wakuu samahani kuingilia, si ni rahisi kuagiza tu kutoka Marekani? Naona zile kubwa za magurudumu sita kwa mitandao bei iko chini sana.

Mama_Malori

Otis haiwezekani. Gari kuukuu inayoingia Kenya haifai kuzidi miaka minane na steringi ya kushoto haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Hizo za Marekani zimekosa yote mawili. Ndio maana hizi zilizo hapa nchini tayari ni za kutunzwa.

Kijana_wa_Utawala

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeongea na mzee leo. Jina kwa mfumo ni lake, tumeonana kwa simu na binti yake ndiye atamsaidia kwa eCitizen. Chesisi atasugua na kunitumia picha kabla sijalipa. Nimeamua gari ibaki kwake, fundi apande Nanyuki na raba za breki, mimi nishughulikie bima na ukaguzi, halafu tushuke nayo.

Kuna kitu nilisahau, tairi. Ni zile kubwa za 12.00-20, meno yako mengi kabisa karibu mpya. Kwa ubavu nimeona tarakimu nne, 2308. Na rimu zake zina ile pete ya chuma. Tairi ziko flati mbili, kijana wa panchari wa hapo anasema atajaza upepo kesho.

FundiKariobangi

MWAMBIE ASIJAZE. Mpigie saa hii.

2308 ni wiki ya 23 mwaka wa 2008. Meno hayana maana hapo, raba imekufa, zitapasuka ukifika Kenol na jua. Na hiyo pete ndiyo inashikilia tairi isitoke kwa rimu, ikiwa imekula kutu ama haijakaa kwa mfereji wake, upepo ukipanda inaruka kama risasi. Nimeona ikitoboa bati la paa. Mtu akiwa ameinama juu yake hatoki. Tairi zote zitolewe upepo kabisa kwa kuchomoa valvu kabla hata ya kulegeza nati, rimu zisuguliwe, pete yenye ufa itupwe, na kujaza kufanywe ndani ya kizimba cha chuma na hosi ndefu, mtu amesimama kando. Nitabeba kizimba changu.

Tafuta tairi nne na ya spea. Hiyo ndiyo pesa kubwa ya hii gari, jipange nayo kabla ya rangi.

Dereva_Mstaafu

Na hiyo tangi ya 5,000 punguza. Lori hii ni ya tani nne, lita moja ya maji ni kilo moja, na bado kuna uzito wa tangi yenyewe na chuma za kuishikilia. Weka ya 3,500 na iwe na vizuizi ndani, maji nusu tangi yakianza kucheza kwa kona yanaivuta gari upande. Kwa ile udongo ya Isinya pia uzito mdogo ndio utakutoa.

Kijana_wa_Utawala

Nimempigia, hajagusa. Mzee ameziwekea mawe kuzunguka watoto wasisogee. Tangi itakuwa ya 3,500. Fundi nitumie namba yako kwa inboksi tupange siku ya kupanda.