Land Cruiser mkonga ya 1994, kilomita 517,000: ninunue au niache?

Kutoka: Calgary

Wana Mwanza wenzangu, habari za siku. Wakubwa, shikamooni.

Naomba mawazo yenu kabla sijatuma hela. Natafuta gari la kutumia nikija nyumbani, na nisipokuwepo limsaidie baba kwenda shamba kule Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri tena kivuko, lakini ukishaiacha lami, masika ni tope tupu. Noah yake imeshalala porini mara mbili.

Dalali mmoja wa Nyakato kanitumia picha za Land Cruiser hardtop, mkonga, HZJ75 ya 1994, injini 1HZ, kilomita 517,000. Nyeupe, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Bei milioni 26. Anasema kuna mtu wa Geita anaitaka, kwa hiyo nitume angalau advansi leo leo. Mdogo wangu kaenda kuiona, jibu lake: "Iko poa bro, inaunguruma vizuri." Mke wangu anasema nimechanganyikiwa, kilomita laki tano siyo gari tena, ni chuma chakavu. Nani yuko sahihi?

Kutoka: Leicester

Kaka, usitume hata mia. Huyo mtu wa Geita anataka kila gari linalouzwa Mwanza. Hata mimi alinisumbua mwaka juzi, nikaja kugundua hajawahi kuzaliwa.

Shemeji mwambie ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu kisichong'ata. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kugombana nayo. Ikibadilishwa oili kwa wakati na isichemke, laki tano inafika bila kelele. Halafu hizo 517,000 zenyewe nani kakuapia? Mita hurudishwa nyuma. Mwambie mdogo wako aangalie raba za pedali, aangalie usukani unapong'aa kwa kushikwa, afungue mlango wa dereva aone kama unashuka kidogo kwenye bawaba. Kwa upande mwingine, magari yaliyotoka migodini yanaweza kuwa na kilomita chache na injini iliyochoka, maana yanashinda yamewashwa yamesimama. Mita haihesabu hilo.

Kinachoua haya magari ni chesisi. Hapa naomba uniazime macho.

Langu ni pickup ya 1996, nililinunua Kirumba. Ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo tunajidanganya kwamba gari la Mwanza haliliwi na kutu kama la Dar au Tanga. Ni kweli, mpaka uulize lilikuwa linabeba nini. Langu lilikuwa la Mwaloni, soko la samaki, linabeba kayabo, wale sangara wa chumvi wanaosafirishwa kwenda Kongo. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma, yanaingia kwenye matundu ya chesisi, na chesisi ni boksi, kikiingia kitu ndani hakina haraka ya kutoka.

Kwa macho ilikuwa nyeusi safi, imepigwa rangi mpya. Fundi wangu akatandika boksi chini, akalala chali na nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele. Ti. Ti. Ti. Mlio wa chuma kizima. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma ukageuka: pu. Akagonga tena palepale, kikamdondokea kifuani kipande kikubwa kama ganda la mkate, rangi mpya upande mmoja, upande wa pili kutu tupu matabaka matabaka. Akaninyooshea bila kusema neno. Nikakinusa. Kaka, kilikuwa bado kinanuka samaki.

Muuzaji alikuwa amesimama pale pale anachezea simu.

Nisiwadanganye, nililinunua hivyo hivyo. Injini ilikuwa nzima na moyo ulishaanguka. Ila kutoka milioni 24 tulishuka mpaka 17, na ile nyundo ndiyo iliyopunguza hizo saba. Matengenezo yalikula milioni 14 nyingine, na miezi miwili niliyoahidiwa ikawa saba. Ukipiga hesabu ya kununua, weka pembeni kiasi kingine kinachokaribia bei yenyewe. Kama huna, subiri.

Sasa suala la kutengeneza ukiwa mbali, ambalo wengi tunalia nalo. Picha za WhatsApp nilikuwa napata kila wiki, lakini picha ya beringi mpya ndani ya boksi haikwambii imefungwa kwenye gari lako au la jirani. Kwa hiyo nilimpa fundi sharti moja: kila spea unayotoa usiitupe. Itie kwenye kiroba, umpelekee mama mkubwa Igogo, nikija nitaikagua.

Desemba nikafika. Mama mkubwa akaburuta kiroba cha mchele kutoka chini ya kitanda, kimelowa oili, shuka lake limeharibika na akanidai lingine kabla hata ya salamu kuisha. Nikamwaga vitu sakafuni juu ya magazeti. Nozeli sita, sawa. Mkanda wa taiming umepasukapasuka kwenye mashina ya meno, ungekatika ningeaga injini. Klachi pleti imeisha mpaka kwenye ribiti. Beringi za magurudumu ya mbele nililipia nne, na nne zilikuwepo. Mbili zilikuwa zenyewe. Hizo nyingine mbili hata kwa macho zilikuwa ndogo, za kigari kidogo cha mjini. Nikamwita fundi. Akaziangalia muda mrefu, akasema kijana wa gereji alichanganya. Hakubisha. Jioni ile gari likapandishwa jeki, beringi mbili mpya zikafungwa mbele ya macho yangu, na hela sikuongeza.

Bado ndiye fundi wangu. Mwingine angenitukana.

Spea: feki zimejaa. Vitu vidogo vinavyofekiwa sana (sili, gasketi ya silinda hedi, thamostati, mkanda wa taiming) agiza mwenyewe halisi, uje navyo kwenye begi. Vizito kama springi na shokapu nunua huko huko, kilo 23 za ndege zinaisha haraka.

Kutoka: Oslo

Kaka wa Leicester umenichekesha, ila ngoja niongeze la makaratasi, maana chesisi iliyooza inachomelewa, kadi mbovu haichomelewi.

Sisi tulinunua hardtop iliyowahi kuwa ya mradi wa wafadhili, zile namba za DFP. Nzuri kweli kweli, imetunzwa. Hatukujua kwamba magari ya miradi huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na likiuzwa kwa mtu wa kawaida kodi lazima ilipwe kwanza ndipo usajili ubadilike. Aliyetuuzia alisema "hiyo ni ndogo, mtamalizana nayo TRA". Tulipofika TRA haikuwa ndogo. Namba yake ya simu ikawa haipatikani mpaka leo. Gari lilikaa uani kwa shemeji yangu Pasiansi mwaka na nusu, kuku wanatagia ndani.

Kwa hiyo: jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na hati ya uwakilishi kutoka kwa mwenyewe. Namba ya chesisi kwenye kadi isomwe pamoja na iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Siyo kile kibati cha kwenye injini peke yake, kibati hubanduliwa. Angalieni deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, maana utalirithi. Mkataba mbele ya wakili. Na kama gari litaandikwa jina lako wewe wa Calgary, hakikisha una TIN, la sivyo liandikwe jina la baba na mkubaliane mapema ndani ya familia, siyo siku ya msiba.

Kuna mtu atakuja kusema si uagize tu Japani. Tanzania hatuna katazo la umri kama Wakenya na miaka yao 8, lakini gari zee linatozwa kodi ya uchakavu juu ya ushuru wa asilimia 25 na VAT ya 18. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone mwenyewe, kisha ukae chini.

Kutoka: Buhongwa, Mwanza

Marahaba wanangu.

Mimi ni mzee wa gereji, nilianza na Land Rover 109 hawa wa Calgary hawajazaliwa. Mjukuu ndiye ananichapia. Mliyosema ni sawa, naongeza machache.

Gari mliangalie alfajiri, na kabla halijawashwa. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu wanakuficha, kwa sababu dizeli iliyochoka inajisema ikiwa baridi. Ikishawaka, moshi mweupe usioisha, wa bluu, mweusi, kila mmoja una ugonjwa wake. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kigeuze, kiache juu ya tundu. Kikitulia, vizuri. Kikirushwarushwa na moshi unatoka kama bomba la jiko, injini inapumua, ringi zimekwisha. Rejeta ifunguliwe ikiwa ya baridi. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Silinda hedi ya 1HZ ikichemshwa inapasuka, na hapa Mwanza gari linapanda mawe kutwa nzima, rejeta ikiziba kidogo tu umekwisha. Ndiyo maana msikubali mtu awafungie turbo ya mtaani eti liwe na nguvu.

Nyuma ya tairi za mbele kuna ile boli kubwa, duara kama mpira, inayogeuka na usukani. Ikiwa inalia uji mweusi, sili ya ndani imekufa, oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Hiyo siyo kifo, ni ya kushusha bei.

Calgary, Jumamosi nitapita Nyakato mwenyewe. Baba yako namfahamu, alikuwa akinitengenezea viatu.

Kutoka: Calgary

Shikamoo mzee. Sina la kusema, nashukuru sana, wabeja. Mdogo wangu atakupitia saa 11 alfajiri.

Kutoka: Buhongwa, Mwanza

Tumerudi. Tulifika saa 12 kasoro, hatukutoa taarifa. Boneti ilikuwa ya moto. Mlinzi alisema huwa wanaiwasha kila siku kabla wateja hawajaja. Swichi ilipofunguliwa taa zote za dashibodi ziliwaka isipokuwa ya T-BELT. Hiyo huwaka mkanda wa taiming ukifikisha muda wake, na swichi ikifunguliwa lazima ionekane kwanza. Nikamuuliza dalali, akasema balbu imeungua. Nikafungua dashibodi kwa ruhusa yake: balbu haipo kabisa, imetolewa. Mtu aliona rahisi kutoa balbu kuliko kubadilisha mkanda.

Chesisi niliigonga, nzima, sina neno. Bodi imejaa puti chini ya madirisha, sumaku haishiki. Kifuniko cha oili kilirushwa. Kwa milioni 26, hapana. Kwa 15 ningefikiria, na injini ingeshushwa wiki hiyo hiyo. Nilimwambia dalali hivyo, akasema mtu wa Geita anakuja saa nne na hela mkononi.

Kutoka: Calgary

Mwacheni aichukue.

Mzee, mdogo wangu anasema njiani ulimtajia pickup moja iko Magu, ya mwalimu mstaafu, haijawahi kubeba samaki. Bado ipo? Na huyo mwalimu anakubali gari ligongwe nyundo?