Kebini ya Hilux ya 1982 imeliwa na kutu: inaokoleka nyumbani?

Mtoto wa Raskazone (Tanga):

Salaam kwenu nyote. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1982, ya dizeli, ambayo marehemu baba alituachia. Injini inawaka bila kusumbua, giaboksi haina kelele, na chesisi nimeigonga kwa nyundo urefu wake wote ikaitikia kama chuma kizima. Taabu iko kwenye kebini. Gari limelala nje miaka mingi chini ya mwembe, mahali ambapo upepo wa bahari unafika usiku na mchana, na chumvi imefanya kazi yake.

Wiki iliyopita niling'oa zulia la upande wa dereva. Nilipobonyeza sakafu kwa bisibisi karibu na pedali ya klachi, bisibisi ilizama hadi mpini, na nilipoichomoa nikaona mchanga wa uani. Kizingiti cha mlango wa abiria kilikuwa na rangi nzuri, lakini nilipokigonga kilitoa sauti ya ubao. Nikakikwangua: puti ya kuzibia bodi, nene kama kidole gumba, na nyuma ya puti gazeti lililokunjwakunjwa, ukurasa wa michezo ungali unasomeka. Hiyo ni kazi ya gereji moja ambayo baba aliilipa fedha kamili. Pembe mbili za nyuma za kebini, chini kabisa, zimetoboka, na chini ya kioo cha mbele rangi imevimba malengelenge.

Nina grinda, drili na mashine ndogo ya kuchomelea ya vijiti. Nimewahi kuchomelea mageti na madirisha, ila bodi ya gari sijaigusa kamwe. Naomba kujua kama inafaa nikate na kuchomelea mwenyewe au nitafute kebini nyingine, na kama ni kukata, nianzie wapi. Je, mabati ya kuezekea yaliyobaki kwenye ujenzi yanafaa kwa viraka? Jirani yangu ananishauri nipake dawa ya kugeuza kutu, nifunike kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi), basi. Lakini baada ya kuliona lile gazeti, ushauri huo haunikai moyoni.

Fundi Mstaafu (Mombasa):

Mwanangu, pole kwa gazeti. Mimi nimewahi kutoa gunia na hata kandambili. Kebini inaokoleka, na sakafu ya gari la aina hii ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa kuwa kasoro za mkono wa mwanafunzi zitafunikwa na zulia. Lakini usiwashe grinda bado.

Kwanza tafuta maji yanaingilia wapi. Sakafu iliyooza karibu na pedali mara nyingi haikuozeshwa na maji ya barabarani. Maji yaliteremka kutoka juu, kupitia raba ya kioo cha mbele iliyokauka au kupitia chumba cha hewa kilicho chini ya matundu mbele ya kioo, yakanyonywa na sponji iliyo chini ya zulia, na sponji hiyo ikabaki mbichi mwezi mzima. Mwagia sakafu poda ya mtoto, mketishe mtu ndani na tochi, kisha wewe shika mpira wa maji. Anza kumwagia chini, upande juu polepole, eneo moja baada ya jingine, kwani ukianzia paani hutajua ni wapi palipovuja. Maji yatachora njia yake kwenye poda. Na kwa kuwa gari limelala chini ya mwembe, nina shaka kubwa kwamba majani yameziba matundu ya kutolea maji ya chumba hicho.

Pili, funga kebini viunzi kabla ya kukata chochote. Vizingiti vya milango ndivyo vinavyoishikilia nguzo ya mbele na ya nyuma zisitengane. Ukikata kizingiti bila kiunzi, kebini italegea kwa milimita chache tu, na milimita hizo zinatosha kuufanya mlango usifungike tena. Gari likae juu ya magurudumu yake, mahali tambarare, wala usiweke jeki chini ya kebini. Chukua skwea paipu nyepesi, chomelea moja kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kila upande, na nyingine ikatize kutoka kushoto kwenda kulia. Viunzi vikae kwa ndani ili mlango uendelee kufungwa na kufunguliwa, kwa sababu utaujaribu mara mia kabla ya kumaliza. Pima mwanya wa mlango kila kona, uandike kwa chokaa juu ya bodi yenyewe. Na usikate vizingiti viwili kwa pamoja: maliza upande mmoja ndipo uhamie mwingine.

Kuhusu mabati ya kuezekea, hapana. Yamepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea mtu homa, kutetemeka na maumivu ya viungo jioni yake. Mafundi wengi tumekunywa maziwa tukiamini yanaosha moshi huo. Maziwa ni mazuri kwa chai, moshi hayauzuii. Isitoshe, bati la nyumba ni jembamba mno. Nunua bati jeusi, lisilo na zinki: geji 20, yaani takribani milimita 0.9, kwa pembe za nyuma na sehemu zenye mikunjo, na geji 18, takribani milimita 1.2, kwa sakafu na vizingiti.

Jirani yako hajakosea kila kitu. Dawa ya kugeuza kutu, ambayo aghalabu ni asidi ya fosforiki, inafaa kwa kutu ya juu juu pale ambapo chuma bado ni kinene. Haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Ukifunika tundu kwa faiba, upande wa ndani kutu inaendelea kula, ila safari hii huioni.

Mzee wa Makontena (Sharjah):

Ndugu, kwa nini ujitese? Huku Ghuba kuna Hilux za miaka hiyo zilizofanya kazi bara, mbali na pwani, ambapo mvua ni nadra, na kebini zake hazijui kutu. Raba na plastiki zimepasuka kwa jua, hilo nakubali, lakini bati ni zima. Kebini ya Hilux imekalia raba juu ya chesisi. Unafungua bolti zake, nyaya, usukani na mabomba, vijana wanne wanaiinua, unaweka nyingine.

Dada Spana (Morogoro):

Kaka wa Sharjah, wazo lako lingekuwa zuri lau barabara zetu zingekuwa kama zenu. Magari ya huko yana usukani wa kushoto. Ukuta ulio kati ya injini na kebini una matundu ya usukani, ya pedali na ya silinda ya breki upande wa kushoto, kwa hiyo huyu ndugu wa Tanga atapokea kebini isiyo na kutu ambayo lazima aikate mbele yote. Milango, pembe za nyuma na ukuta wa nyuma, hivyo ndivyo vya kuagiza huko kama bei ya usafiri inaruhusu. Na kebini ikibadilishwa, kibao chenye maelezo ya gari kinabadilika pia. Ni vyema aulize mamlaka mapema kuliko kujieleza baadaye kwa askari wa usalama barabarani.

Sasa niseme juu ya mashine, kwa sababu Mzee Fundi hakuigusa. Mashine ya vijiti uliyonayo inafaa kwa geti, ila kijiti cha milimita 2.5 kwenye bati la milimita 0.9 kitakutobolea matundu mapya haraka kuliko utakavyoziba ya zamani. Azima au kodi mashine ya migi, inayochomelea kwa waya unaojisogeza wenyewe badala ya vijiti, uweke waya wa milimita 0.6, na ufanye mazoezi kwenye bati bovu siku nzima kabla ya kugusa gari. Usivute mstari. Piga nukta moja, ruka sentimita mbili au tatu, piga nyingine, nenda upande wa pili, kisha rudi kujaza nafasi, ukisubiri bati lipoe kiasi cha kushikika kwa mkono. Joto likikusanyika mahali pamoja, bati linajikunja kama chapati juu ya chuma. Pale tundu linapokataa kuzibika, bonda kipande cha bomba la shaba kiwe bapa, ukishikilie kwa nyuma: chuma kilichoyeyuka hakigandi kwenye shaba, na tundu linajaa.

Kiraka chenyewe kikate kwa kielelezo cha boksi, na kona zake ziwe za mviringo. Kata bati bovu hadi ufike kwenye chuma chenye unene kamili, hata kama moyo unakuuma kuona tundu la sarafu limekuwa la sahani. Mara yangu ya kwanza niliona huruma, nikachomelea kwenye ukingo uliokwisha kuliwa, na kila nukta niliyopiga ilianguka na kipande chake. Niliishia kukata maradufu.

Jambo moja sitaki ulidharau. Kabla ya kuchomelea, toa betri, toa viti, zulia na sponji yote, na angalia mabomba ya dizeli na ya breki yanayopita juu ya chesisi chini ya sakafu hiyo hiyo unayoichoma. Weka ndoo ya mchanga na ya maji karibu, na mtu wa pili awe upande usiouona. Ukimaliza usiondoke, kaa nusu saa ukinusa.

Mtoto wa Raskazone (Tanga):

Shikamoo Mzee Fundi, na asante sana Dada Spana. Nimefanya jaribio la poda. Kijana wangu alikaa ndani na tochi, na nilipofika kwenye matundu ya hewa mbele ya kioo alipiga kelele kabla sijafika kwenye raba. Nikafungua kifuniko, nikaingiza mkono, nikatoa udongo mweusi uliojaa majani ya mwembe, ndoo nusu, na ndani yake mche mdogo ulioota. Matundu yote mawili ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa kabisa. Raba ya kioo nayo inavuja kona ya kushoto, ila kidogo.

Kebini haibadilishwi, nimeamua. Viunzi nimevipima na migi nitaikodi. Yamebaki mambo mawili: chuma kikishakuwa kitupu nikipake nini kwa hewa hii yetu ya pwani, na nianze upande upi?

Dada Spana (Morogoro):

Bati tupu likilala usiku mmoja tu Tanga, asubuhi lina rangi ya machungwa. Safisha eneo utakaloweza kulipaka siku hiyo hiyo, lifute kwa tina ya rangi, kisha lipake praima (rangi ya kwanza) ya epoksi, ambayo huzuia maji vizuri zaidi kuliko praima za kawaida. Kazi hii ingefaa zaidi wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Sakafu unaweza kuwekea viraka vya kupandana, ukitoboa bati la juu matundu ya milimita 6 hivi na kuyajaza kwa migi, lakini ziba maungio yote kwa silanti (gundi ya kuzuia maji) juu na chini, kwa sababu katikati ya mabati mawili ndimo maji yanamopenda kukaa. Puti ije baada ya praima, isizidi milimita 3, na isiwe ya kuziba tundu hata la sindano.

Rangi ya mwisho, kama utachagua ile ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha rangi), usiinyunyize nyumbani. Hadina zake nyingi zina kemikali za isosianeti, zinazoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi haizizuii. Wapelekee wenye chumba cha kupakia rangi na barakoa za hewa ya bomba, au tumia rangi ya mafuta ya kawaida kwa brashi na roli, uisugue kwa msasa wa maji. Gari la kazi halioni haya.

Fundi Mstaafu (Mombasa):

Marahaba. Huo mche uupande mahali, umekula sakafu ya baba yako.

Anza upande wa abiria. Huko hakuna pedali wala bomba la usukani, na mkono wako utakuwa bado mgeni. Ukifika upande wa dereva utakuwa umekwisha kuharibu vya kuharibu. Fanya sakafu kwanza, kizingiti baadaye, pembe ya nyuma mwisho, na kila baada ya nukta kumi funga mlango uangalie mwanya.

Ukimaliza, ndani ya vizingiti na nguzo piga nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wenye ncha, wiki chache baada ya rangi kukauka. Watu watakuambia umimine oili chafu kwa kuwa ni ya bure. Usifanye hivyo: inalainisha raba za milango na za kebini, ina masizi yanayodhuru ngozi, na itachuruzika kwenye saruji ya uani hadi mama watoto aulize. Matundu ya chini ya kizingiti yaache wazi. Najua yanaonekana kama kasoro, na fundi wa lile gazeti bila shaka aliyaziba kwa puti akidhani anakufanyia hisani.

Kona ya kushoto ya kioo usiibandike silikoni. Toa kioo, angalia ukingo uliofunikwa na raba, maana malengelenge uliyoyaona chini yake yana mzizi humo. Kioo hicho wakitoe watu wawili, mmoja ndani akisukuma kwa nyayo za miguu, mwingine nje akipokea, na raba mpya iwe imekwisha kununuliwa siku hiyo.