Umewahi kufukuzwa kwenye jengo la biashara kwa sababu ya kusema? Wana Mwanza tupeane uzoefu

Mzee wa Mabatini
Wakuu, heshima kwenu. Leo mchana nilikuwa namsubiri mtu nje ya jengo moja la maduka hapa mjini, pale kwenye ngazi watu wanapopigia picha. Wakaja mabinti wa chuo wanagawa karatasi zinazoeleza dalili za saratani ya shingo ya kizazi na umuhimu wa kupima mapema. Hawapigi kelele, hawaombi hela. Mlinzi akawafuata: hapa ni mali ya mtu, ondokeni. Binti mmoja akauliza kwa adabu, "Kaka, kosa letu nini?" Akajibiwa kosa ni kusumbua wateja. Karatasi zikachukuliwa, zikatupwa kwenye pipa la taka wanaona.

Nimerudi nyumbani sina raha kabisa. Zamani mtu akiwa na jambo alikwenda palipo na watu, akalisema. Leo watu wako moli, sheli, supamaketi, kumbi, yadi za mabasi, na kote huko kuna geti na mlinzi. Sasa mwananchi aongee na wenzake wapi? Yaliyowakuta tuambieni, na wajuzi wa sheria mtufungue macho.

Mla Mapanki
Yalinikuta kwenye sheli moja njia ya Buhongwa. Nilimwambia dereva wa boda kuwa pampu ya pale inapunja. Mhudumu kasikia, kaita meneja, nikaambiwa nisikanyage tena. Kuambiana tu na dereva wangu!

Kisesa Kwetu
Nakazia. Hawa watu wanaogopa maneno kuliko wezi.

Dada wa Kitangiri
Mzee wangu umenikumbusha mbali. Mtaani kwetu kulikuwa na korongo ambalo mvua ikinyesha watoto hawaendi shule. Tukakubaliana tukusanye sahihi tupeleke kwa diwani. Mimi na mama mwenzangu tukasimama mlangoni pa supamaketi, maana wakazi wote wa kwetu wananunua pale. Daftari la kawaida la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi.

Watu walikuwa wanasaini vizuri tu. Akatoka msimamizi, kijana mdogo kabisa, akachukua daftari mkononi mwangu. Hakulichana. Alisimama pale mlangoni akaanza kusoma majina kwa sauti, moja moja, na namba za simu, watu wanapita. Akifika kwa jina analolijua anasema, "Huyu si anakopa hapa?" Wale waliokuwa kwenye foleni ya kusaini wakatawanyika. Mwenzangu akalia. Daftari nilirudishiwa, ila siku ile hakuna aliyesaini tena, na baadhi walinipigia usiku niwafute.

Mpaka leo nikipita pale moyo unanienda mbio. Korongo lenyewe tulikuja kujengewa karavati baada ya kupita nyumba kwa nyumba.

Mnyamagana
Pole sana dada. Kusoma majina ya watu hadharani ni ukatili.

Fremu ya Juu
Ngojeni niseme upande wa pili maana naona mnatupiga tu. Mimi nina fremu kwenye jengo kama hayo. Kodi ya pango nalipa kwa miezi sita mbele, leseni nalipa, TRA nalipa, ulinzi nachangia. Leo aje mtu na karatasi za afya, kesho mhubiri na spika, keshokutwa chama cha siasa, mtondo muuza dawa za nguvu. Mteja akisumbuliwa mlangoni anaghairi. Mnataka haki yenu ipite kwenye kodi yangu? Mwenye jengo ana haki ya kusema hapana.

Kisesa Kwetu
Fremu ya Juu, karatasi ya saratani inafukuza mteja gani? Mkeo hanunui humo?

Fremu ya Juu
Mke wangu muache. Jibu hoja.

Kisesa Kwetu
Hoja ni kwamba mnaweka mabenchi, mnaweka miziki, mnatuita "karibuni wote", halafu mtu akifungua mdomo inakuwa mali ya mtu. Na ardhi yenyewe kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe una hati ya miaka tu.

Fremu ya Juu
Kwa hiyo nije nihubiri sebuleni kwako? Si ardhi ya umma?

Kifungu kwa Kifungu
Tusigombane, niweke sawa kidogo. Hati ya miaka haimfanyi mwenye jengo kuwa mtu baki. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki yake ya kumiliki mali. Ibara ya 18 inalinda uhuru wako wa maoni. Zote ziko kwenye Katiba ileile ya 1977, na ibara ya 30 inaweka mipaka kwa haki zote. Kwa hiyo hakuna anayeshinda kwa kupiga kelele tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ibara ya 30(3) inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu akidai haki yake imevunjwa na mtu yeyote, haikuishia kwenye serikali. Hapo mlango upo kwetu. Wamarekani wao Katiba ya taifa lao inaibana serikali, ndiyo maana wamehangaika sana na suala hili hili.

Mwaka 1946 kulikuwa na kesi ya Marsh dhidi ya Alabama. Mji wa Chickasaw wote, barabara na maduka, ulikuwa mali ya kampuni ya kutengeneza meli. Mama mmoja Shahidi wa Yehova akakamatwa kwa kugawa machapisho ya dini kando ya barabara. Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki: ukifungua mali yako kwa umma kiasi hicho, haki za umma nazo zinaingia. Mwaka 1972 waliogawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya moli huko Portland wakashindwa. Kisha 1980 ikaja Pruneyard, wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakikusanya sahihi kwenye eneo la maduka California. Wakashinda, lakini kwa sababu katiba ya jimbo lao ni pana kuliko ya taifa. Jimbo lingine unaweza kutolewa nje na sheria ikamuunga mkono mlinzi.

Dada wa Kitangiri, ya kwako inafanana sana na ya Uingereza. Wakazi wa mji wa Washington, kaskazini kule, walikuwa wakikusanya sahihi kuokoa uwanja wa wazi. Katikati ya mji wao ni moli ya kampuni, wakakataliwa. Wakaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, 2003 wakashindwa; majaji wakasema njia nyingine za kuwafikia watu zipo, ikiwemo nyumba kwa nyumba.

Dada wa Kitangiri
Majaji hao hawajapanda milima ya Kitangiri na daftari juani.

Fremu ya Juu
Umeona? Hata Ulaya wamesema mali iheshimiwe.

Kifungu kwa Kifungu
Soma vizuri ndugu. Walisema pia kwamba kama kumkatalia mtu kwenye mali binafsi kunaifuta kabisa haki yake ya kusema, serikali inaweza kuwajibika kuingilia kati. Sasa tuulizane, mji ukibaki na mageti matupu tutakuwa tumefika wapi?

Tajiri Mtoto
Wakuu mimi nina kisa kirefu, nivumilieni. Sijawahi kukiandika popote.

Nauza mabondo, vile vibofu vya ndani ya sangara. Nilitoka kisiwani na mzigo, mengi makavu vizuri, na moja kubwa ambalo kila aliyeliona alishika kichwa. Kabla ya kwenda kwa mnunuzi nilipita kwa rafiki yangu sonara, akanipimia kwenye mizani yake ya dhahabu, nikaandika gramu kwenye kiganja kwa kalamu.

Nikaenda yadi ya mnunuzi mmoja. Ukuta mrefu, geti la chuma, ndani mabenchi, wauzaji tumekaa tunasubiri kuitwa. Ikafika zamu yangu. Wakapima. Nikatazama kioo cha mizani, nikatazama kiganja. Vimepishana mbali, na kila bondo linapungua kwa namna ileile. Nikamuuliza karani, akasema mabondo yanapoteza maji njiani. Makavu hayo!

Nikageuka kwenye mabenchi nikasema kwa sauti ya kawaida: "Jamani, pimeni kwanza nje kabla ya kuuza hapa." Basi. Sikutukana mtu. Mama mmoja wa Ukerewe akanyanyua mfuko wake kutoka mezani. Mzee wa pembeni naye akanyanyua wake.

Geti likafungwa. Wakaja watatu, simu yangu ikachukuliwa, nikapelekwa kwenye chumba cha barafu, hakina dirisha. Bosi akaja akaniuliza, "Wewe umekuja kuuza au kuhutubia? Hii ni yadi yangu, humu nasema mimi." Akatoa karatasi imeandikwa kwamba nimeeneza uongo na naomba radhi. Nisipotia saini mzigo hautoki na mimi sitoki. Nilikaa pale vidole vikafa ganzi. Kilichoniokoa ni yule mama. Alipotoka hakwenda zake, alisimama barabarani nje ya geti akawa anawaambia wote wanaokuja na mifuko, "Kuna mtu wamemfungia humo kwa kusema mizani mbovu." Waliokuja wakagoma kuingia. Jua linazama yakajaa mabodaboda, polisi wakaja. Askari aliuliza swali moja tu: "Mmemfungia kwa kosa gani?" Hakuna aliyejibu.

Nilitoka. Karatasi sikusaini. Mzigo nilirudishiwa, lakini lile bondo kubwa halikuwemo.

Mla Mapanki
Duh! Lilikuwa gramu ngapi hilo mkuu?

Wa Ukara
Uliripoti upotevu wa bondo? Nasubiri jibu.

Mnyamagana
Dume au jike? Maana dume ndilo hela.

Mzee wa Mabatini
Wadogo zangu, mtu amefungiwa chumba cha barafu mnauliza gramu? Tajiri Mtoto pole sana mwanangu. Yule mama Mungu amlinde.

Tajiri Mtoto
Asante mzee. Niliripoti, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo, faili liko palepale. Mama yule sasa ni kama mama yangu, hakuna mzigo nauza bila kumpigia kwanza.

Kifungu kwa Kifungu
Huo si mgogoro wa mali binafsi tena. Mwenye yadi anaweza kukwambia utoke. Kukufungia ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, iwe yadi yake au ikulu yake. Na mizani mpelekee Wakala wa Vipimo, ndiyo kazi yao kukagua na kugonga muhuri.

Fremu ya Juu
Hapo hata mimi siwezi kutetea. Huyo ni jambazi mwenye leseni.

Kisesa Kwetu
Leo tumekubaliana.

Wa Ukara
Mimi niliambiwa nishuke kwenye chombo cha mtu binafsi kabla hakijang'oa nanga. Niliuliza tu maboya ya kujiokolea yako wapi, maana niliona abiria wengi kuliko yaliyoning'inia. Nahodha akasema ninatia abiria hofu. Sisi wa ziwa hili, tuliozamiwa na meli ya Mv Bukoba 1996, tuambiwe kuuliza maboya ni kutia hofu! Nilishuka. Na wengine kadhaa wakashuka na mimi.

Binti Nyegezi
Ushauri wangu: simameni nje, kwenye hifadhi ya barabara. Pale si mali ya mwenye jengo, hana cha kuwafanya.

Mnyamagana
Usiwadanganye. Barabarani kuna mgambo wa jiji, na mkiwa kundi polisi watawauliza taarifa ya saa 48 mliipeleka lini.

Binti Nyegezi
Taarifa ya saa 48 ni ya mikutano na maandamano. Mabinti watatu na karatasi ni maandamano?

Mnyamagana
Sheria inavyosema na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anavyosema ni vitu viwili hapa kwetu.

Mla Mapanki
Vaeni suti na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Mlinzi atawafungulia geti na kuwapigia saluti. Nimelijaribu, linafanya kazi.

Kifungu kwa Kifungu
Suti isikulevye. Ukiambiwa utoke na mtu mwenye mamlaka, toka, uliza jina lake na sababu, iandike. Ukibaki kwa kubishana wanaweza kukufungulia kesi ya kuingia kwa jinai, kifungu cha 299, hata kama uliingia kama mteja.

Kisesa Kwetu
Mimi sikubali. Kila mtu akitoka, hiyo ibara ya 30(3) ataipeleka nani mahakamani? Lazima apatikane wa kubaki.

Kifungu kwa Kifungu
Aliyetoka akaandika jina na sababu naye anayo kesi. Anayetaka kubaki ajue anakwenda rumande, na awe ameshampa namba ya wakili mtu wa nyumbani.

Fremu ya Juu
Mzee wa Mabatini, wale mabinti wa karatasi unawafahamu? Jengo letu lina kikao cha wapangaji kila mwezi. Siahidi kwa mwenye jengo, yule namjua. Lakini kwenye kaunta ya duka langu waweke karatasi zao, hapo hakuna wa kunizuia. Tukiwa wapangaji kadhaa wenye kusema hivyo, tutaomba na meza moja pale chini kwenye ngazi, yenye utaratibu, wanaopewa siku wakae kwa zamu.

Dada wa Kitangiri
Na sisi wa sahihi za mtaa tutapewa zamu, au ni saratani tu?

Fremu ya Juu
Nitauliza. Wahubiri wa spika hapana, hilo nasema mapema.

Mzee wa Mabatini
Siwafahamu, ila nilimuona mmoja na sare ya chuo. Kesho asubuhi nakwenda pale kuwauliza kwa mlezi wao. Fremu ya Juu, nitumie faragha jina la duka lako.