Wenye maduka ya spana Arusha na Moshi: 16 na 18 SI saizi za ajabu, leteni!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na leo naisema hadharani.

Nimepita maduka ya vifaa kuanzia Barabara ya Sokoine mpaka Kilombero, nikateremka hadi Moshi, Double Road na mitaa ya pembeni, natafuta spana za milimita 16 na 18, ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili. Kila duka wimbo ni ule ule: "Hamna kaka, hizo saizi za ajabu. Chukua 17, itashika tu." Itashika nini? Spana ya 17 kwenye nati ya 16 inakula kona zote sita, halafu nati hiyo ya mteja inabidi niitoe kwa patasi au grinda. Gharama ni ya nani hapo, ya muuzaji?

Tuelewane. Boliti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO ina kichwa cha 16. DIN, kiwango cha zamani cha Wajerumani, iliipa 17. Kwenye magari ya Japani unakuta 14. Njoo M12: ISO ni 18, DIN ya zamani 19, Mjapani 17. M14: ISO 21, DIN 22, Mjapani 19. Sasa fungua ile seti ya vipande vinane inayoning'inia kila duka: 8, 10, 11, 12, 13, 14, 17, 19. Hiyo ni ya Mjapani na ya Mjerumani wa zamani, na kwa Noah na Hiace inatosha kabisa, silalamiki. Lakini hapa mjini zipo Volkswagen na BMW, yapo malori ya Ulaya, zipo mashine za mashamba ya maua kule Usa River zinazotoka Uholanzi. Hizo zote zimejaa 16 na 18. Kwa hiyo mtu akiniambia ni saizi ya ajabu ananikera kweli kweli. Ndiyo saizi ya kiwango cha dunia! Cha ajabu ni duka lenye 17 arobaini ukutani na 16 hata moja hakuna.

Alenki, zile fimbo za pembe sita za kufungulia boliti zenye tundu, vivyo hivyo. Seti zinatoka 6 zinaruka 8. Pini za kaliper za breki kwenye Volkswagen na BMW nyingi ni 7. Breki, jamani! Fundi anachukua 6, anabana na kipande cha bati, tundu la pini linaliwa likawa duara, na gari linarudi barabarani na pini ambayo haitafunguka tena.

Halafu wapo wanaokuuzia spana za inchi wakidai ni "sawa tu". Inchi 3/4 ni milimita 19.05, sawa, hiyo inaingia kwenye 19 bila shida. Lakini 11/16 ni 17.46, kwenye 17 inacheza. 9/16 ni 14.29, kwenye boliti ya 14 iliyoshika kutu inateleza. Na 13/16 ni 20.64, kwa 21 haingii kabisa labda uipige nyundo. Muuzaji wa vyuma anayajua haya au hayajui? Kama anayajua, anatuibia.

Kilichonichosha zaidi ni tapu za kukatia thredi. Boliti nyingi za Toyota za milimita 10 ni 10 kwa 1.25 (unene milimita 10, jino hadi jino milimita 1.25), na za 12 ni 12 kwa 1.25. Dukani wanazo 10 kwa 1.5 na 12 kwa 1.75 tu, na pakiti haijaandikwa chochote zaidi ya "10" na "12". Ukiipitisha hiyo kwenye blok ya alumini, thredi imekufa. Juzi nilimwambia muuzaji anionyeshe umbali wa jino hadi jino, akanijibu kwamba tapu ni tapu. Ndugu yangu, tapu siyo tapu!

Sasa soketi ya milimita 54. Hapa mji wa utalii, Land Cruiser za safari zimejaa kila yadi, na nati za habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, ni 54. Zipo mbili: ya ndani unaikaza, unailegeza, unaikaza tena kidogo mpaka beringi ikae sawasawa, kisha ya nje inaifunga. Kazi hiyo inataka soketi. Gereji ngapi mnazozijua zinazo? Wengi wanagonga kwa patasi na nyundo, wanakisia kwa sikio, na gari linaondoka na wageni kwenda Serengeti. Beringi ikikazwa kupita kiasi inachemka, ikilegea tairi linayumba, na hayo yanatokea mbali na mji, wala si mlangoni kwa muuzaji. Mafundi wa Unga Limited wanajichomelea soketi za bomba, nawaheshimu sana kwa hilo, lakini ni aibu kwa mji wenye magari haya yote kwamba kifaa hicho kinapatikana kwa kuchomelea.

Mkisema "haziendi", mnajuaje wakati hamjawahi kuzileta? Mnaleta seti nzima kwa sababu ni rahisi kuagiza. Mimi seti ninazo tatu, na zote zimeruka saizi zile zile. Uzeni moja moja! Fundi atalipa bei ya juu kwa spana moja ya 18 kuliko kununua seti ya nne. Na hizo mnazoleta ziwe chuma kweli, maana zimeandikwa Chrome Vanadium, yaani chuma kigumu cha spana, halafu mdomo unapanuka ukiweka bomba la kuongeza nguvu.

Kuagiza Dar, Gerezani, nimejaribu. Unatumiwa picha ya 18, basi linaleta 19, nauli ya mzigo ni yako.

Kwa mwenye duka anayesoma hapa: nahitaji 16, 18 na 21 za ringi, alenki ya 7, tapu ya 10 kwa 1.25 na ya 12 kwa 1.25, na soketi ya 54. Mafundi wenzangu ongezeni za kwenu chini. Ukiwa nazo andika saizi, bei na mtaa hapa hapa kila mtu aone. Habari za "njoo inboksi" sizitaki.