Mzee ana damu kichwani na anatumia aspirini: asubiri wiki nzima au apasuliwe leo?

Mtoa mada: Wakuu naomba hili tulijadili. Mzee alianguka wiki kadhaa nyuma, sasa mguu mmoja anauburuta na maneno yanamtoka kwa shida, siti skani inaonyesha damu imevilia chini ya ule utando mgumu unaofunika ubongo na ubongo umesukumwa upande. Anatumia aspirini ya moyo. Anaambiwa aache dawa kwanza siku 7 ndo apasuliwe. Wengi wanaona huo ndo usalama, mimi napinga, na kama hali inazidi kushuka napinga kabisa.

Sababu ya kusubiri naielewa, aspirini ikishazishika chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, inazilemaza mpaka zife, na zinaishi siku 7 hadi 10. Sawa, lakini mtu aliyeanza kusinziasinzia hizo siku hana. Na opresheni ya damu iliyokaa muda mara nyingi ni tundu moja au mawili kwenye fuvu, inatoka damu nyeusi nyepesi kama oili chakavu, panaoshwa, halafu mpira wa dreni wa kutolea damu iliyobaki unaachwa kama saa 48. Utafiti wa Uingereza wa 2009 ulionyesha dreni inashusha idadi ya wanaorudi kupasuliwa tena kutoka 24% hadi kama 9%. Kwa hiyo ndugu anayeogopa damu kurudi aulize na dreni, asihesabu siku za aspirini tu.

Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ni habari nyingine, hapo sisemi aingizwe hivihivi. Apimwe INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, achomwe vitamini K kwenye mshipa pamoja na zile protini za kugandisha damu zinazofanya kazi ndani ya dakika chache. Plazma, yale majimaji ya damu ya kuongezewa, nayo inasaidia ila mifuko ni mingi na moyo wa mzee unaweza kulemewa na maji. Bado hayo yote ni mambo ya saa, sio wiki.

Nesi wa wodi ya upasuaji: Naunga mkono ila kuna wanaokimbilia kutundika chembe sahani kwa kila anayetumia aspirini. Utafiti wa PATCH wa 2016 uliwapa wagonjwa waliovuja damu ndani ya ubongo wenyewe na matokeo yao yakawa mabaya zaidi. Wale hawakuwa wanaenda kupasuliwa, kwa hiyo sio jibu la moja kwa moja kwa huyu mzee, ila tusidhani kuongezewa ni salama tu wakati wote.

Mpasuaji: Mtoa mada unalifanya jepesi. Damu mbichi ikijaa usiku baada ya opresheni anayerudi kufungua kichwa ni mimi, sio wewe. Mgonjwa anatembea, anaongea vizuri, analalamika kichwa tu, kwa nini nisimpe hizo siku?

Mtoa mada: Daktari, huyo mgonjwa mpe hizo siku, hapo sina ubishi, ila akae anapoangaliwa kila saa chache na ijulikane kabisa akibadilika anaingia siku hiyohiyo. Ninachokataa ni siku 7 kuwa sheria ya kila mtu. Kuacha dawa nako kuna hatari yake, aliyewekewa stenti (kimrija cha kuzibua mshipa wa moyo) juzijuzi au mwenye valvu ya chuma kwenye moyo anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa kitandani anasubiri tumwokoe ubongo.

Na kinachoniuma zaidi ni baada ya opresheni. Karatasi ya kuruhusiwa, warfarini imepigwa mstari kwa kalamu, pembeni imeandikwa "acha", tarehe ya kuanza tena hakuna! Familia inatii, miezi inapita, mtu ana valvu ya chuma.

Mpasuaji: Hilo nakubali. Ila tarehe moja kwa wote haipo. Wa valvu tunavutana na daktari wa moyo, mara nyingi inarudishwa ndani ya wiki moja au mbili baada ya kurudia skani, wa mapigo yasiyo na mpangilio anaweza kusubiri zaidi. Na kuna wazee wanatumia aspirini kwa kujikinga tu, hawajawahi kuugua moyo wala kiharusi, wale wengi sioni haja ya kuwarudishia.

Mtoa mada: Basi yaandikwe hayohayo, nani anarudishiwa, lini, baada ya skani ipi, na nani wa kuulizwa. Kama hairudi kabisa iandikwe hairudi na sababu yake. Kuna mwenye hoja ya kuiacha hiyo nafasi wazi? Nataka kuisikia.